Siku Nne za Skrini ya Buluu

Wekoye hutengeneza kompyuta kwenye pembe ya duka langu la kuchapa, hapa Kitale. Ni fundi mzuri, hilo sitamnyima. Shida yake ni kwamba hawezi kuona kitu kinafanya kazi akakiacha.

Agosti 2008, Fridah Nangila, mwalimu kutoka Kanduyi kule Bungoma, alimletea laptopu ibadilishwe feni. Ndani yake mlikuwa na tasnifu yake ya digrii, miaka miwili ya kuhoji akina mama wakulima, na chuo kiliitaka Ijumaa jioni. Nakala nyingine hakuwa nayo. Nilipomuuliza kwa nini, aliangalia viatu vyake.

Feni ikabadilishwa. Fridah akachapa neno la siri, mashine ikawaka vizuri. Halafu Wekoye, bila kutumwa na mtu, akaweka draiva mpya, ile programu ndogo ya kuendesha diski, ati mashine iwe na mbio. Mumewe Fridah, Makokha, alikuwa ameifunga diski nzima kwa programu inayogeuza maandishi yote kuwa fumbo. Programu hiyo ilikuwa imezoeana na draiva ya zamani. Hii mpya iliiruka, ikaisoma diski yenyewe, ikakuta fumbo tupu, na skrini ikawa buluu.

Ikawa hivyo Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Wekoye anabadilisha kitu, anawasha, neno la siri linakubaliwa, buluu. Kila jaribio lilihitaji neno lile, na Fridah alikataa kulitoa. Alisafiri kutoka Bungoma kila asubuhi kuja kulichapa kwa mkono wake, kisha anakaa kwenye benchi langu akisubiri kulichapa tena. Jumatano nilihesabu mara thelathini na moja. Nilichoka nao wote wawili.

"Madam, si uniambie tu hiyo password," Wekoye alisema. "Ati huniamini?"

"Si hivyo. Siwezi tu."

Wekoye akanuna mpaka jioni.

Alhamisi, hatimaye, akatengeneza CD ya kuifungua diski kutoka nje, bila kupitia draiva yoyote. Ilihitaji neno la siri mara moja tu, kisha ifanye kazi siku nzima. Na siku hiyo hiyo Fridah hakuja, mtoto wake alikuwa na homa. Wekoye akampigia, simu ikiwa kwa spika.

"Basi nitumie kwa SMS, bana."

"Hata kwa SMS siwezi. Ni jina ya baba mkwe."

Wekoye aliketi chini. Mimi ni wa Kachibora, kwetu hakuna jambo hilo, kwa hiyo akanieleza: kwa watu wao, yeye na Fridah, mke hatamki jina la baba mkwe wake wala kuliandika wazi. Kwenye kompyuta hutokea nyota tu, ndiyo maana aliweza. Nilimkasirikia Makokha ambaye sijawahi kumwona. Alichagua jina la babake bila kufikiria ni nani atakayelichapa, akaenda zake Juba ambako simu haishiki.

"Na mzee yuko wapi?" nikauliza kwa hasira.

"Hapa nje, kwa jua."

"Si aseme mwenyewe?"

Fridah akasema ataiweka simu kwenye kiti na kusimama kando. Tukasikia kiti, halafu sauti nzito.

"Nani anataka jina langu?"

"Shikamoo mzee," Wekoye akasema. "Jina yako ndio inafungua kompyuta ya mwalimu."

"Makokha aliniweka huko ndani bila kuniuliza?"

"Ndiyo, mzee."

"Na huyu mke wake amekuwa akiliandika?"

"Inaonyesha nyota tu, mzee. Hakuna mtu ameliona."

Mzee akakohoa. Akataja majina yake mawili, herufi kwa herufi, polepole, kama yuko mbele ya karani wa chifu. "Fungua," akasema. "Msichana amalize masomo."

Diski ilimaliza kufunguka jioni. Wekoye akaiondoa draiva yake kimya kimya, na safari hii sikumsema.

Ijumaa asubuhi Fridah alikuja kuchapisha. Kabla sijaanza aliomba kompyuta kidogo, akaongeza mstari mmoja kwenye ukurasa wa shukrani. Niliusoma karatasi ilipotoka. Alimshukuru mumewe, na walimu wake, na mwisho "baba yake Makokha, aliyenifungulia." Jina hakuandika.