Breki ya Vigelegele ya Fundi Zubery

Saa tatu asubuhi, sebule ya Zubery Selemani karibu na soko la Mbeya haina kiti hata kimoja. Viti vyote viko uani pamoja na kuku. Madirishani zimetundikwa blanketi, sakafuni umetandikwa mkeka, na wanawake saba kutoka vilima vya nyuma ya Mbalizi wamesimama wakikitazama kipaza sauti kinachoning'inia kwenye kamba ya kuanikia nguo.

“Nyinyi wa vigelegele rudini nyuma,” anasema Zubery. “Nyuma tena. Mpaka mlango wa jikoni.”

“Fundi, tukirudi zaidi ya hapa tutaanza kupika,” anajibu Tusekile, kiongozi wa waimbaji.

“Pikeni. Ila mpikie huko huko.”

Zubery ni mrefu, mwembamba, na unyenyekevu haujawahi kumsumbua. Kazi yake ya kila siku ni kutengeneza redio. Kazi anayoipenda, ambayo mkewe Siwema anaiita ugonjwa, ni kuchonga santuri hapa hapa nyumbani. Watu wanaimba, na sindano ya mashine inauchimba wimbo kwenye sahani nyeusi wakati ule ule wanapoimba. Wimbo ukiisha, mwenye shughuli anaondoka na santuri yake kwapani, akaipige kwenye gramafoni yoyote.

Leo Zubery amebakiwa na sahani moja tu ambayo haijachongwa, na sahani zake ni za kuchongwa upande mmoja. Nyingine zinatoka Nairobi, na hazitafika kabla ya mwezi ujao. Basi la Iringa linaondoka kesho.

Anayelihitaji basi hilo ni Mzee Andendekisye, mkulima wa viazi na pareto, aliyekaa pembeni juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia magotini. Ameshaambiwa asikohoe. Amekubali, lakini amemtazama Zubery kama mtu aliyekatazwa kupumua.

Binti yake, Sekela, aliolewa Iringa mwaka juzi. Siku ya harusi mvua iliikata barabara. Ndugu wa bibi harusi walilala ndani ya lori porini, wakafika pilau imekwisha na maturubai yamekunjwa. Wimbo wao wa kumkabidhi binti haukuimbwa. Tangu siku hiyo wakwe wanamtania Sekela kwamba alikuja kama kifurushi cha posta: kimefika salama, aliyekituma hajulikani.

“Ni utani tu,” anasema Mzee Andendekisye. “Lakini mtu akitaniwa neno moja kila siku, mwisho anakula ameinamisha kichwa.”

Jumapili hii mtoto wa kwanza wa Sekela anabatizwa. Kuwasafirisha waimbaji wote hadi Iringa Mzee hawezi. Ameamua kuupeleka wimbo wenyewe, ule unaotaja mbele ya watu baba wa binti ni nani na babu yake ni nani.

Kwa santuri moja Zubery hutoza shilingi kumi na tano, na karibu nusu yake inaishia kwenye sahani tupu. Utundu huu aliuokota jeshini, Burma, katika kikosi cha mawasiliano wakati wa Vita Kuu ya Pili.

“Wenzangu walirudi na medali,” anasema. “Mimi nilirudi na elimu. Na malaria.”

Mashine ya kuchongea aliinunua Iringa kwa mlowezi mmoja aliyekuwa akifungasha mizigo kurudi kwao. Ni mashine nzuri, isipokuwa ina adui mmoja, naye ni kigelegele.

Sindano inapochonga huyumba kushoto na kulia kufuata sauti. Sauti ikiwa ya wastani, mfereji inaouchimba unakaa sawa. Sauti ikiruka ghafla, sindano nayo inaruka, inavunja ukuta na kuangukia mfereji wa jirani. Hivyo ndivyo ilivyokufa santuri ya kwanza ya Mzee Andendekisye. Ilipopigwa, iliimba “mwana wa Andende… mwana wa Andende… mwana wa Andende…” mpaka Siwema akaiinua sindano kwa huruma.

Zubery aliwaomba akina mama waimbe bila vigelegele. Walijaribu. Tusekile alianza vizuri, akafika mahali pa kigelegele, akasubiri. Hakikuja. Akasahau maneno yote.

“Ule haukuwa wimbo wa harusi,” anasema Siwema. “Lilikuwa tangazo la msiba.”

Kisa ni kwamba katika wimbo huo kigelegele ndicho kinacholifungulia jina njia. Wanawake hupiga, kisha hapo hapo jina la baba linatajwa. Ukikitoa, jina halina pa kuingilia.

Ndipo Zubery alipolivuta chini ya kitanda sanduku la chuma alilolipata katika vifaa vya jeshi vilivyouzwa mnadani. Linaitwa kompresa. Kazi yake ya zamani ilikuwa kubana sauti za maofisa: ofisa akinong'ona linampandisha, akifoka linamshusha, ili walioko upande wa pili wasikie amri bila kusikia hasira.

Santuri ya pili ilipita kwenye sanduku hilo. Sindano haikuruka hata mara moja, na Zubery akaanza kujisifu kabla haijapigwa. Ilipopigwa, mwanzo wa Tusekile wa taratibu na mwisho wa kundi zima vilikuwa na nguvu moja, kama watoto wa shule wanaokariri hesabu za mara tatu. Hilo Mzee angelivumilia. Lakini kila baada ya kigelegele sanduku lilikuwa limeikandamiza sauti, kisha likachelewa kuiachia. Jina likapita chini kwa chini.

“Jina langu limekwenda wapi?” aliuliza Mzee Andendekisye.

“Limo, Mzee. Limeshushwa kidogo.”

“Limeshushwa na nani?”

“Na mashine.”

“Mashine inanijua?”

Mzee alivaa kofia akatoka nje. Kila mtu alidhani ameondoka. Baada ya muda akarudi, akakaa juu ya ndoo yake. “Chonga nyingine,” akasema. “Nikienda Iringa na hii watasema Sekela hata kwenye santuri hana baba.”

Jana Zubery alishinda na sanduku hilo mezani, kifuniko wazi.

“Kosa langu ni kuliacha lifanye kazi ya jeshini,” anaeleza. “Kule lilibana kila kitu. Mimi nataka libane vilele tu. Wimbo ukienda kawaida, lisinzie. Kigelegele kikija likamate hapo hapo, kikiisha liachie hapo hapo. Liwe breki, lisiwe pasi ya nguo.”

Kwanza alikirekebisha kitufe kinachoamua sanduku lianze kuingilia wakati gani, akakipandisha mpaka uimbaji wa kawaida ukapita bila kuguswa. Kisha akashughulikia kule kuchelewa. Ndani kuna kapasita, kidude kinachotunza umeme kama mtungi unavyotunza maji, na kikiwa kikubwa kinachukua muda kumwagika. Akakiweka kidogo kilichotoka kwenye redio mbovu. Kilikuwa kidogo mno, sauti ikatetemeka kama ya mbuzi. Akatafuta cha katikati.

Majaribio yote yalihitaji kigelegele, na mpigaji alikuwa Siwema, huku anachambua mchele.

“Tena, mama Mwanakhamisi.”

“Baba Mwanakhamisi, koo ni langu, si la serikali.”

“Kimoja tu.”

Kufikia alasiri majirani wawili walikuwa wamebisha hodi kuuliza nani kaposwa.

Na sasa ni zamu ya sahani ya mwisho. Zubery anaishusha sindano, anainua kidole. Tusekile anaanza kwa sauti ya chini, na mshale wa kipimo kwenye sanduku unalala. Wenzake wanaitikia, mshale bado umelala. Mlangoni pa jikoni wanawake wanapasua kigelegele. Mshale unaruka, unarudi, na Tusekile anaingia na jina. Zubery hapepesi macho. Kwa brashi ndogo anaufagia uzi mweusi unaotoka kwenye mfereji, usije ukajisokota kwenye sindano. Mzee Andendekisye amejiziba mdomo kwa kofia.

Wimbo unaisha. Santuri za namna hii ni laini, hulika upesi, kwa hiyo Zubery anaipiga mara moja tu, kwa sindano ya mwiba badala ya ile ya chuma. Kigelegele kinatoka kikali, hakipasuki. Nyuma yake, bila kupungua: mwana wa Andendekisye, mjukuu wa Saulo. Mahali fulani jikoni kifuniko cha sufuria kinaanguka, nacho kimechongwa.

“Rudia,” anasema Mzee.

“Hapana, Mzee. Kila ikipigwa inalika. Waachie Iringa.”

Mzee anafikiri. “Ndaga,” anashukuru kwa Kinyakyusa, na kuifunga santuri katika sweta yake.

Habari za Iringa amezileta mwenyewe siku chache baada ya ubatizo. Mkwewe, Philbert, mume wa Sekela, aliazima gramafoni, wageni wakajaa uani. Kigelegele cha kwanza kilipotoka kwenye santuri, wanawake wa Iringa nao wakajibu kwa vigelegele vyao. Jina halikusikika hata kidogo. Ikapigwa tena, wakajibu tena. Mara ya tatu mama mkwe wa Sekela akasimama. “Nyamazeni,” akawaambia. “Tusikie huyu ni mtoto wa nani.”

Wakanyamaza, wakasikia, na mama mkwe akalitamka jina kwa sauti, mara mbili, ili walioko nyuma nao walipate. Sekela, anasema baba yake, alikula siku hiyo akiwa ameinua uso.

Santuri imekwisha kulika, na Sekela ameagiza nyingine. Wakwe nao wamesema haiwezekani waimbiwe wao tu. Zubery anapanga kwenda Iringa sahani zikifika kutoka Nairobi, yeye na mashine na sanduku lake, akawachonge wao.

Mzee Andendekisye amemtahadharisha kwamba ukoo wa mama mkwe ni mrefu, na majina hayatatosha kwenye wimbo mmoja.

“Yakizidi,” anasema Zubery, “nitaagiza sahani za pande mbili.”