Mchwa wa Nyuma ya Ghala

Harufu ya dawa ya mchwa siiwezi. Fundi akija nyumbani kunyunyizia fremu za milango, mimi hujitafutia safari hata kama sina pa kwenda, na wanangu hucheka wakisema mama anadeka. Sijawahi kuwaeleza. Ninyi nawaeleza, maana hamtanitazama usoni wakati wa chakula.

Nilikuwa na miaka tisa hivi tulipohamishiwa kijiji kipya, upande wa Puge. Lori lilituteremsha na vyombo vyetu, tukaonyeshwa kiwanja kilichopimwa kwa kamba, katika mstari wa nyumba zilizonyooka kama wanafunzi wa gwaride. Kuku wa Mama walibaki kule tulikotoka. Siku ya kuondoka walikuwa wametawanyika vichakani, na lori halikuwa na muda wa kungojea kuku. Mama hakulia kwa ajili ya nyumba wala mashamba, alilia kwa ajili ya kuku.

Jirani yetu alikuwa mjane mmoja mzee, tukimwita Mama Shija. Wiki ya pili alikuja na mtetea kwapani, akamkabidhi Mama. "Mji hauna kuku, mji gani huo?" alisema, akaenda zake kabla hajashukuriwa. Tangu hapo wakawa chanda na pete. Kila alfajiri sauti yake ilivuka ua, "Mwangaluka, mayo!", yaani kumwamkia Mama kwa Kinyamwezi, na Mama akaitikia huku akijifunga kanga. Mahali ambapo hakumjua mtu, Mama alikuwa amepata mtu wake.

Mtetea alipoangua vifaranga kumi na mmoja, Mama Shija ndiye aliyenifundisha kuwalisha bila kugusa unga wa watu. Mwaka ule mahindi hayakuwa ya kuchezea. Pumba zilimtosha kuku mkubwa, lakini kifaranga, alisema, anataka nyama. Basi jioni unachukua chungu kibovu, unakijaza mabua yaliyolowa na samadi ya ng'ombe, unakifudikiza juu ya tundu la mchwa. Asubuhi unakifunua na kuwakung'utia vifaranga karamu yao, nao wanaigombania mpaka wanapandana. Bado naukumbuka uvuguvugu wa samadi ile viganjani. Kazi hiyo ikawa yangu, na niliringa nayo kupita kiasi.

Alinipa sharti moja tu. "Kabula, chukua wanaokimbia. Ukimkuta mchwa amelala, mwache hapohapo. Hujui kilichomlaza."

Jioni moja nilinogewa na mchezo wa rede, nikasahau kutega. Asubuhi Mama akawamwagia kuku pumba alizoletewa na Mama Shija jana yake, akaniagiza nilete mchwa upesi, kisha akaenda kisimani. Nilijua akirudi akanikuta mikono mitupu, fimbo itanihusu. Nikatoka mbio na kata yangu, na nilipopita nyuma ya ghala la kijiji nikaona neema: mchwa kibao wametapakaa chini ya ukuta, juu ya vumbi jeupe, wengi wamelala chali. Palikuwa na harufu kali iliyonikereketa koo. Sikuona hata mmoja anayekimbia. Nikawazoa kwa viganja, vumbi na vyote, nikajiona mjanja.

Jua halijapanda sawasawa, vifaranga wakaanza kutetemeka. Walizunguka, wakapinda shingo, wakaanguka mmoja mmoja. Mama yao aliendelea kuwaita kwa ile sauti ya kuonyesha chakula, mpaka naye miguu ikamwisha. Mama alirudi na ndoo kichwani, akawakuta wote chini. Baba, ambaye hakuwa mtu wa kupoteza kitoweo, alimwangalia yule mtetea kwa jicho la sufuria. Mama akamfokea kwamba hatuli kuku aliyelogwa, akachukua jembe akaanza kuchimba shimo. Leo najua kwamba hofu yake ile ndiyo iliyotuokoa sisi wote.

Mama Shija akaja mbio. "Poleni jamani, nimesikia."

"Umesikia au umefurahi?" Mama akamjibu.

Mzee wa watu akanigeukia mimi, akauliza kwa upole, "Kabula, mwanangu, leo wamekula nini?"

Alikuwa ananipa nafasi, ingawa hakujua. Mama alinitazama, jembe mkononi. "Pumba," nikasema. Halafu nikaongeza neno ambalo hakuna aliyeniuliza: "Zako."

Haukuwa uongo kamili, na kwa miaka mingi nilijificha nyuma ya nusu ile ya ukweli. Mama akazimwaga pumba zilizobaki miguuni pa Mama Shija na kumwita mchawi mbele ya majirani. Kwetu, mjane mzee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni hahitaji kuongezewa ushahidi. Hadi jioni mstari mzima ulikuwa unasema hivyo hivyo.

Siku mbili baadaye, mwalimu alitukataza kucheza nyuma ya ghala, maana bwana shamba alikuwa amenyunyizia dawa ya kuua mchwa. Kuanzia pale sikuwa tena mtoto asiyejua, na sitaki mnihurumie kwa hilo. Nilijua. Kila asubuhi nilimsikia Mama Shija akiamkia, na Mama akiendelea kufagia bila kuitikia. Iliendelea hivyo karibu mwezi mzima. Nilijiambia nitasema kesho. Mwanzo niliogopa fimbo, baadaye nikaogopa jinsi Mama atakavyonitazama. Watu walianza kumkwepa yule mama kisimani, wanawake wakiwavuta watoto wao pembeni.

Baada ya mavuno alifunga mzigo wake akaenda Bukene kwa mwanawe Shija. Nilikutana naye njiani, nikamwamkia, "Shikamoo," huku nikitazama vidole vyangu vya miguu. "Marahaba," akasema. Akanishika kichwa, akanitakia masomo mema, akapita. Alifia hukohuko. Habari zilipotufikia nilikuwa nimeshaolewa. Mama alisema tu, "Mungu amsamehe," nami nikanyamaza tena, mtu mzima na watoto wangu wawili.

Mwaka juzi Mama alikuwa akiishi kwangu, miguu imemchoka. Mchana mmoja tukichambua choroko barazani, nilimweleza yote: ghala, kata, neno langu lile. Nadhani nilitaka anipige ile fimbo niliyoikwepa, tulie, yaishe. Na kwangu kweli nilihisi kifua kimekuwa chepesi.

Mama aliuweka ungo chini.

"Ulijua lini?"

"Siku mbili baadaye."

"Alikuwa bado yupo pale."

"Alikuwepo, Mama."

"Mimi nilimwita mchawi, Kabula. Mimi ndiye niliyeanza. Ungeniambia akiwa hai nikamwombe radhi, au ungeninyamazia mpaka nife."

Nilikuwa nimechelewa kuelewa jambo jepesi kabisa. Nilidhani kukiri ni kulipa. Kumbe nilikuwa nimeutua mzigo wangu na kumtwika bibi wa miaka themanini, asiye na pa kuupeleka. Hakunilaumu tena, lakini tangu siku hiyo alianza kuniomba nimpeleke Bukene. Nilimwambia hakuna mtu wa kumwona kule. Akasema kuna kaburi. Aliniomba wiki hiyo, akaniomba mwezi uliofuata, na kila mara nilimjibu kwamba tutakwenda miguu yake ikipata nafuu.

Daktari alikuwa ameshaniambia kwamba miguu ile haitapata nafuu.