Mama Mwenye Nusu ya Bei

Mtihani wa kwanza niliangushwa na neno moja, na mpaka leo nikilisikia kwa redio mkono wangu wa kulia hujikunja wenyewe. Neno lenyewe ni "demand". Sisi ofisini tulilitamka dimandi. Nilikuwa karani wa kupiga taipu katika ofisi moja ya serikali hapa Eldoret, na kazi yangu ya kila asubuhi ilikuwa dimandi noti, zile barua za kumwambia mtu alipe kodi ya ploti kabla vitu vyake havijabebwa. Mtihani wa makarani ukaja, wote kwa Kiingereza, na swali la tatu likauliza dimandi ni nini. Nikacheka kimoyomoyo. Nikaandika kwamba dimandi ni barua anayopelekewa mtu aliyekataa kulipa, na kwamba hupigwa nakala tatu.

Mara ya pili niliandika kwamba dimandi ni watu kuhitaji kitu sana. Nikaanguka tena. Mtihani huo ndio uliompa karani kazi ya kudumu, na wakubwa walikuwa wametuambia wazi kwamba anayeanguka mara tatu afunge mizigo. Mama yangu aliuza ndama wawili kunipeleka chuo cha makatibu. Nilikuwa tayari kufanya chochote nisirudi kumwambia kwamba ndama wake waliliwa na neno moja la Kiingereza.

Na nisijifiche, mkono wangu ulikuwa mwepesi. Nilisomeshwa kwa kiboko, nikalelewa kwa mwiko, na nilipokua nikaona ni zamu yangu. Mesenja wa ofisi nilimzaba kofi kwa kunywa chai yangu. Mwenye nyumba tuliyopanga mimi na Mama nilimrushia jagi. Sikujuta hata kidogo, nilidhani huko ndiko kujua kuishi na watu.

Aliyejitolea kunifundisha kwa mara ya tatu alikuwa keshia wetu, mzee wa kutoka Turbo aliyekaribia kustaafu, ambaye beji ya chama haikutoka kwa koti lake hata akienda msalani. Saa ya chakula tulikaa nyuma ya ofisi karibu na tangi la maji. Alikuja na daftari, viazi vitamu viwili, na rula ya ofisi, ile nyeusi ya mviringo, nzito. Nikikosea alinigonga nayo kwa vifundo vya vidole. Nilikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na minne, nimevaa viatu vya kisigino, na nilinyoosha mkono nikagongwa.

"Dimandi ni nini?"

"Ni kuhitaji kitu, Mzee."

Rula ikashuka.

"Hata mimi nahitaji lori," akasema. "Wanaouza malori wakihesabu wateja wao, mimi nimo?"

"Haumo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Mzee hana pesa ya lori."

"Basi. Dimandi ni hitaji lililoshika pesa mkononi."

"Na mtu ako na njaa lakini hana pesa?"

"Huyo ako na njaa tu. Kwa hesabu hayumo."

Nilikasirika. Nilimwambia hayo ni maneno ya watu walioshiba, kwamba mtu hawezi kuwa na njaa halafu asihesabiwe. Akanigonga mara moja, akanigonga ya pili, na ya tatu nikaidaka ile rula nikamchapa nayo kwa muundi. Halafu nikaogopa, maana nilikuwa nimempiga mtu wa umri wa baba yangu. Mzee alisugua mguu wake polepole, akachukua kiazi chake.

"Sasa rudia," akasema, "ukiwa umekasirika vivyo hivyo."

Nikarudia. Nilirudia wiki tatu, kila siku, nikayajua maneno kwa mpangilio wake, lakini hayakuingia. Mtihani ulipokaribia kabisa alinifundisha jambo la mwisho. Serikali ikifunga bei isipande na vitu ni vichache, alisema, mnunuzi atalipa ile bei ya karatasi, na inayobaki atailipa kwa njia nyingine. Nilimuuliza njia gani. Akaniambia niende kwa laini ya kununua unga Jumamosi nijionee.

Mwaka huo mvua ilikuwa imetukimbia. Hapa kwetu, ambapo malori ya mahindi yalizoea kupanga foleni mpaka nje ya mji, tulikula unga wa manjano uliotoka ng'ambo, na hata huo ulipatikana kwa bahati. Bei ilikuwa moja, imeandikwa kwa karatasi ukutani katika kila duka, chini ya picha ya Rais. Mtihani ulikuwa Jumatatu. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kwa laini, na mbele yangu kulikuwa na watu kama mia.

Mwenye duka alikuwa mtu wa kutoka Mkoa wa Kati, mpole, na alijaribu. Alitoka akasema kila mtu pakiti moja tu. Ilipofika saa nne mtu mmoja aliingia kwa mlango wa nyuma akatoka na pakiti nne, na laini ikafa hapo hapo. Mwanamume aliyekuwa mbele yangu alimpiga yule wa pakiti nne kwa kichwa, nikasikia pua ikivunjika. Pakiti moja ikapasuka na wanawake wawili wakalala juu ya ule unga wakichota na mchanga, mmoja akimng'ata mwenzake sikio. Askari akaja na rungu akapiga mgongo wowote uliokuwa karibu. Alinipata begani. Nilimpiga teke mtu ambaye hata simjui, nikakanyaga mkono wa mtu, nikapita. Nakumbuka nikiwaza, waziwazi kabisa, kwamba hii sasa ndiyo ile bei nyingine ya Mzee.

Nilifika kaunta nikiwa na kiatu kimoja. Ilikuwa imebaki pakiti moja. Niliweka pesa mezani, kamili, na mkono mwingine ukatua juu ya pakiti kabla ya wangu. Ulikuwa wa mama mmoja wa makamo, mwenye shuka la kufunga kichwani, vumbi la safari likiwa bado miguuni.

"Msichana wangu, nimetoka kule kwetu soko la Ziwa kwa miguu," akasema. "Sisi ndio tunalima mahindi na hatuna. Mimi niko na nusu ya bei. Tugawane, wewe nusu, mimi nusu."

"Toa mkono, Mama."

"Niko na watu nyumbani. Nusu tu."

Alikuwa hasukumi. Angesukuma ningejua la kufanya na roho yangu. Alikuwa ameshika tu, akiniangalia, na hiyo ndiyo iliyonipandisha hasira. Nikamwambia, kwa sauti ambayo duka zima lilisikia, "Huna pesa! Wewe si dimandi!" Nikampiga ngumi ya mdomo.

Aliuachilia unga. Alifunika mdomo, akatema jino kwenye kiganja, akalitazama. Mimi nilibeba pakiti nikatoka, na hapo nje, nikitafuta kiatu changu katikati ya watu wanaopigana, nilitambua kwamba nimelielewa lile neno. Lilikuwa limeingia lote, mpaka mwisho, na sitalisahau tena. Nilifurahi. Ni aibu kusema, lakini nilifurahi.

Nyumbani Mama alipokea pakiti, akaigeuza.

"Hii damu ni ya nani?"

"Ya mama fulani. Alitaka tugawane."

"Alikuwa na pesa?"

"Nusu."

Mama alinizaba kofi ambalo sikuwa nimelipata tangu darasa la sita. Alifungua pakiti, akapima kwa kikombe, akatia nusu yake kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, akaufunga na kuuweka juu ya kabati. Jioni tulikula ugali mdogo, na alikula akiwa amenipa kisogo.

Jumatatu vifundo vyangu vilikuwa vimevimba, na kwenye kidole cha kati palikuwa na kidonda cha jino la yule mama. Kalamu ilikaa papo hapo juu ya kidonda. Swali la nne lilikuja kwa Kiingereza kile kile: eleza tofauti kati ya hitaji na dimandi, na utoe mfano kutoka eneo unaloishi. Niliandika bila kusita. Niliandika kwamba mwanamke mmoja kutoka Ziwa alikuja mjini akiwa na njaa na nusu ya bei, na kwamba njaa yake haikuhesabika katika dimandi ya unga siku hiyo, kwa kuwa haikuwa na uwezo wa kulipa. Karatasi ilibaki na doa la damu pembeni. Nilisaini.

Barua ilikuja baada ya miezi miwili. Nimepita. Mzee wangu wa rula alisema ameambiwa na mtu wa huko juu kwamba katika swali la nne nilipata alama zote, na akanipa mkono kwa mara ya kwanza bila kunigonga. Nilikimbia na barua nyumbani. Mama aliishika, akaisoma taratibu, akasema asante kwa Mungu. Halafu akapanda kiti akashusha ule mkebe.

"Mpelekee mwenyewe," akasema.

Ziwa siku ya soko si mahali pa kupotea. Niliuliza aliko mama aliyevunjwa jino Eldoret kwa sababu ya unga, na mtoto wa tatu niliyemuuliza alininyooshea kidole. Yule mama alikuwa ameketi na madumu yake ya maziwa. Mvua ilikuwa imerudi, ng'ombe walikuwa na nyasi. Nilisimama mbele yake na mkebe, nikiwa nimevaa sketi ya kazi. Alinitambua mara moja. Alipokea mkebe, akafungua, akauona unga umeingiwa na wadudu, akawamwagia kuku polepole mpaka ukaisha. Kisha akausuuza mkebe, akanijazia maziwa, kwa sababu kwao chombo hakirudishwi kitupu. Niliposhika pochi akatikisa kichwa.

"Niambie tu kitu kimoja," akasema, na pengo lake likaonekana. "Lile neno uliniambia siku ile mbele ya watu. Kwamba mimi si dimandi. Nimeuliza hapa kote, nimeuliza hata mwalimu wa watoto, hakuna anayejua. Ni tusi gani hilo?"

Nilikuwa nimelieleza kwa Kiingereza, kwa mistari saba, nikapata alama zote. Nilisimama pale na maziwa yake mkononi, na sikuweza kumwambia.