Ruhusa Ambayo Hasnati Hakuiondoa

Saa mbili kasorobo asubuhi, umeme umerudi katika mtaa wa Antanimasaja. Hasnati Mchangama anasubiri dakika tano nzima utulie, kisha anavuta kiti cha plastiki, anawasha kompyuta na kuandika amri anayoanza nayo siku: seva imwonyeshe kila mtumiaji na kila ruhusa aliyopewa.

"Mke mwenzako ameamka salama?" anauliza mumewe, Djaffar, akitoka na kikombe cha chai, macho kwenye kompyuta.

"Ameamka. Na hanung'uniki kama wewe."

Majina saba yanajipanga kwenye kioo. Anayapitia moja moja, midomo ikicheza.

"Hakuna mwenye ruhusa ya faili," anasema. "Nilijua hakuna. Hata jana hakuwapo. Lakini naangalia."

Hasnati, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, anachapa barua na kutengeneza kompyuta za watu katika chumba cha mbele cha nyumba yake hapa Mahajanga. Kazi hiyo humpatia kama ariary laki tatu kwa mwezi. Ujuzi wake aliuokota kwenye vitabu vya Kifaransa vilivyokwisha kutumika, ukurasa kwa ukurasa, kamusi pembeni.

Kwa seva ile halipwi. Ni ya chama cha familia za Kikomoro, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikikusanya majina ya ndugu waliouawa mjini hapa katika vurugu za Desemba 1976. Majina yaliingia kwenye majedwali. Pembeni, katika folda ya peke yake, Hasnati aliweka masimulizi ya walionusurika, sitini na matatu, aliyoyachapa mwenyewe akiwa ameketi nao mikekani.

Wengi walisimulia kwa sharti. Rabiata, aliyekubali tutaje jina lake la kwanza tu, alikuwa na sharti kubwa kuliko wote.

Mwaka ule wa vurugu alikuwa na miaka ishirini na sita. Jirani Mmalagasi alimficha nyuma ya magunia ya mchele siku mbili. Kupitia upenyo wa mbao alimwona kijana wa mtaani akiitia moto nyumba yake, mumewe akiwa ndani. Alihamishiwa Komoro pamoja na maelfu ya wengine, na baada ya miaka sita akarejea. Kijana yule alikuwa bado yupo mtaani. Wakaanza kusalimiana, kwa sababu bomba la maji lilikuwa moja.

Miaka ikapita. Mjukuu wa Rabiata, Zaïnaba, akapendana na mwana wa mtu yule, na wakaoana. Rabiata alikula wali wa harusi na hakusema kitu.

"Aliniambia, 'Andika, mwanangu, lisife na mimi. Lakini lisisomwe mpaka niwe nimezikwa,'" anakumbuka Hasnati, ambaye humwita koko, yaani bibi. "Nikamwambia, koko, hakuna atakayelifikia. Nilimwapia."

Kosa lilizaliwa na hitima.

Kila Desemba chama husoma hitima mara mbili kwa siku moja, Mahajanga na kisiwani Nosy Be, na orodha ya marehemu lazima iwe moja pande zote mbili. Jina likisomwa huku likakosekana kule, familia hununa mwaka mzima. Na familia huleta majina mapya mpaka asubuhi ya siku yenyewe.

Upande wa Nosy Be orodha ilishikwa na Fahardine, mpokezi wa wageni katika hoteli moja ya Ambatoloaka. Alikuwa ametengeneza ukurasa mdogo wa mtandao wa kutafutia majina, nao uliingia kwenye seva kwa akaunti yake mwenyewe. Mwaka 2012, asubuhi ya hitima, alipiga simu akiwa ametota jasho.

"Dada, masharifu wameshaketi, na mimi sina karatasi!"

"Ngoja."

"Ningoje nini? Sinia zinapita!"

Hasnati akaipa akaunti ile ruhusa ya faili, ili seva iitoe orodha kama faili la kuchapishwa. Iwe ya siku moja tu, alijiambia.

Ruhusa hiyo si ya majedwali. Mwenye nayo anaweza kuiamuru seva isome au iandike mafaili kwenye diski ya mashine yenyewe. Ni kama kumtuma mtu jikoni alete sinia, ukamwachia funguo za vyumba vyote. Kwenye mipangilio kuna mstari wa kutaja folda moja tu ambayo mafaili yataingilia na kutokea. Mstari ule Hasnati aliuacha mtupu. Na folda ya masimulizi iliruhusu kusomwa na kila programu ya mashine.

"Nilidhani kilicho nje ya majedwali kiko salama," anasema. "Jedwali nililifunga. Ukuta wa nyuma sikuutazama."

Hitima ikaisha, akaenda kuosha masufuria. Mwaka uliofuata ruhusa ikafaa tena. Ikakaa miaka mitatu.

Mwaka 2015 mtu asiyejulikana aligundua kwamba kisanduku cha kutafutia majina kinapokea amri. Huenda hakuwa hata na habari na Mahajanga. Akaiagiza seva isome folda nzima, akaimwaga mtandaoni.

Siku ya tatu Zaïnaba alisimama mlangoni na simu mkononi.

"Dada Hasnati, nisomee hapa juu. Hili ni jina la nani?"

"La koko wako."

"Na hili la chini?"

Hasnati alimsogezea kiti cha plastiki. Lilikuwa la baba mkwe wa Zaïnaba mwenyewe.

Mzee huyo anakana mpaka leo, na hakuna mahakama iliyowahi kumsikiliza yeye wala Rabiata. Ndoa haikuvunjika. Lakini watoto wa Zaïnaba hawapelekwi tena kwa babu yao, na Rabiata alifunga mizigo akahamia kwa mpwa wake Andilana, Nosy Be. "Siwezi kusalimiana naye tena pale bombani," aliwaambia majirani, "sasa anajua kwamba ninajua."

Hasnati aliondoa ruhusa, akataja folda kwenye ule mstari, akayahamisha masimulizi kwenye diski isiyounganishwa na chochote. Kisha akaanza kuzunguka kwa miguu, nyumba kwa nyumba, kumuuliza kila shahidi: nihifadhi, nikurudishie, au nifute? Kwa miaka miwili amewafikia sitini na wawili. Kumi na tisa wamemwambia afute. Wawili hawakumfungulia mlango.

Amebaki Rabiata. Wiki iliyopita, kwa mara ya kwanza, aliipokea simu yake.

"Nataka kuja, koko. Nikuletee maneno yako. Ukitaka nitayafuta mbele yako."

"Na yaliyo kwenye simu za watu, utayafuta mbele ya nani?"

Upande wa pili kulikuwa na kuku na mtu akitwanga.

"Njoo," Rabiata alisema mwishowe. "Uje bila mashine."

Alhamisi atapanda gari la kaskazini, siku nzima na usiku wake, kisha boti ya kuvukia. Hatarajii msamaha, anasema, wala hatauomba. Ana ombi moja tu: Rabiata amsimulie upya tangu mwanzo, naye asikilize bila kuandika.