Siku Nilipotandika Nyasi kwa Ajili ya Picha

Nitawasimulia, lakini mcheke taratibu, maana hapa kijijini Ndama mpaka leo kuna watu wakinikuta njiani wananiuliza, "Deo, wageni wako wameshaondoka?" na mimi hugeuza uso kama mtu anayekagua kahawa ya jirani. Aibu ile sikuletewa na mtu, niliitengeneza kwa mikono yangu na simu yangu, na chanzo chake ni sahani ya pilau ambayo hata kuionja sikuionja.

Mimi ndiye mkubwa kwetu. Baba alitangulia, mama akamfuata, nikaacha shule darasa la sita ili wadogo zangu wawili, Devota na Switbert, wasome. Sijutii. Nimelima migomba, nimechuma kahawa ya watu na yangu, nimemnyoa Devota nywele za shule kwa wembe (vibaya, mwenyewe anasema alikuwa akienda darasani na visiwa kichwani), mpaka akawa mwalimu huko Bukoba. Sasa mtu uliyemnyoa visiwa unajiona una hati yake, na ugonjwa wangu ulianzia hapo.

Jumamosi moja asubuhi nafungua simu, naona Devota ameweka status, picha ya dirisha la basi na vilima vya kwetu ninavyovijua kimoja kimoja. Nikasema huyo, anakuja! Nikakata ndizi, nikafagia uwanja, nikavaa shati lenye vifungo vyote. Nikangoja. Saa nane ikaja picha nyingine: meza yenye kitambaa cha maua, pilau, kuku mzima, parachichi limepangwa kama petali, na nyuma yake mama mmoja mnene anacheka meno yote. Nikamtambua. Ni mama yake Elias, yule kijana wa Nkwenda aliyetaka kumuoa Devota, ambaye ndugu zake walikuwa waje kujitambulisha baada ya mavuno ya kahawa. Kwa hiyo mdogo wangu amepita karibu na mlango wangu bila kushuka, na chini ya ile picha ameandika neno moja tu: "Nyumbani."

Nyumbani! Nililisoma lile neno nimesimama, nikalisoma nimekaa, nikaenda nalo mpaka migombani nikarudi nalo. Yule mama amempikia mara ngapi? Mara moja. Mimi nimempikia miaka.

Basi nikaamua na mimi nipige picha. Hilo tu. Nikapakua ndizi na maharage, nikaweka sahani sakafuni, nikapiga, lakini sakafu yetu ni ya udongo na ina nyufa, kwenye picha chakula kilionekana kama kimeokolewa kwenye tetemeko. Ndipo nikapata akili (naiita akili kwa sababu siku ile ndivyo nilivyoiita) ya kufunika nyufa kwa nyasi mbichi. Nikakata nyasi, nikatandika sebule nzima, ikapendeza mno, na kitu kikipendeza unataka kukiongeza. Ndizi zilikuwa chache, nikajaza majani chini ili zionekane mlima. Nikaleta kikapu cha kahawa ya kutafuna. Nikashusha kibuyu cha marehemu mama, kitupu, nikakiziba mdomo kwa jani la mgomba kikakaa kama kina rubisi, pombe yetu ya ndizi, ya jana. Nyama sikuwa nayo, nikaenda kwa jirani yangu Ma Yuster kuazima vipande viwili.

"Kuazima nyama?" akasema. "Utairudishaje?"

"Ikiwa hivyohivyo, Ma. Ni ya picha."

Akaja nayo mwenyewe kuilinda. Alipofika mlangoni akaziona nyasi, akakiona kibuyu, akasimama. "Deo, nani anakuja?"

"Hakuna."

"Nyasi zote hizi, hakuna?"

"Ni za picha, Ma Yuster."

"Haya waitu, ndugu yangu. Mimi sikuona kitu." Nilipomaliza kupiga, akachukua nyama yake akaondoka.

Nikarusha picha yangu, chini yake nikaandika: "Nyumbani halisi ni huku. Mwenye macho ameona." Haikuchukua muda watu wakaanza: hongera Deo, hongera sana, Mungu awabariki! Nikajua wamekiheshimu chakula changu. Nikajibu kila mmoja, "Asante, mambo yamekwenda vizuri." Switbert akauliza, "Kaka, mbona mimi sikuambiwa?" nikamjibu, "Utakula ukija." Devota akapiga. Nikaiangalia simu ikilia mpaka ikanyamaza. Akapiga tena na tena. Nikasema moyoni, muache, ale pilau. Nikazima simu nikalala usingizi mtamu kuliko wote wa mwaka huo.

Kesho yake Jumapili, nimewasha tu simu, watu wanatoka kanisani, mara pikipiki mbili hizo uwanjani. Baba mkubwa kutoka Isingiro, kwenye koti lake la mazishi na harusi, pamoja na wazee wawili wa ukoo. Waliotoka kanisani wakaona heri wapitie.

"Shikamoo baba."

Hakuitikia. "Wako wapi?"

"Kina nani?"

"Walioleta kile." Akanyoosha fimbo mpaka sebuleni, kwenye kibuyu. Uvivu wangu ulikuwa umeacha kila kitu palepale, na nyasi zimeanza kunyauka vizuri kabisa, kama zilizokaliwa na watu wengi.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Maana nyasi mbichi kwetu hazitandikwi bure, na kibuyu kilichozibwa kwa jani huja na upande wa muoaji. Mimi mtoto wa hapa hapa, niliyekulia kwenye nyasi hizo, nilikuwa nimetangaza kwa picha kwamba nimepokea posa ya mdogo wangu bila kuuambia ukoo, halafu nikapokea na hongera.

"Umempa nani binti yetu?"

"Sijampa mtu, baba. Ni picha tu."

Mzee mmoja akakitwaa kibuyu, akakitikisa, akakinusa, akakipindua. Akadondoka mende. "Wakwe wenyewe ni hawa?" akauliza, na uwanja mzima ukacheka.

Simu ikalia mkononi mwangu. Baba mkubwa akaichukua, akaipokea, akaiweka sauti ya nje. Devota alikuwa analia. "Kaka, umenipa kwa nani? Elias amemwonyesha mama yake picha, mama anasema wenzao wamewatangulia, hawaji tena. Na mimi nilikuja huku kumwomba mama waje kwako! Baba mkubwa alitaka waende kwake Isingiro, nikawaambia hapana, kaka ndiye aliyenilea, akae yeye kwenye kiti cha baba. Mama akakubali. Kaka? Unanisikia?"

Nilikuwa namsikia. Baba mkubwa naye alikuwa anamsikia, wazee, na waumini wote. Ningeweza kutafuta uongo, lakini mtoto alikuwa analia na mchumba anapotea.

"Devota, hakuna posa," nikasema. "Mwambie mama Elias ni wivu."

"Wivu wa nini?"

"Wa pilau."

Watu waliangua kicheko mpaka wengine wakashika migomba. Ma Yuster akapenya mbele kunitetea (namshukuru, ingawa bora angenyamaza): "Ni kweli mwanangu, hata nyama ilikuwa yangu, vipande viwili, niliisimamia mpaka ikarudi chunguni."

Posa ikapona. Kiti changu hakikupona. Baba mkubwa alinirudishia simu akasema polepole, "Asiyejua nyasi hutandikwa lini hawezi kupokea wageni. Watakuja Isingiro. Wewe utapika." Kile nilichokuwa nakililia kilikuwa kimeshawekwa mlangoni kwangu, nikakipiga teke mwenyewe.

Baada ya mavuno wakaja. Mimi nipo jikoni nyuma ya nyumba ya baba mkubwa, moshi machoni, namenya ndizi na kusikiliza. Nikamsikia mzee akimuuliza Devota, kama ilivyo desturi ya kujua kama binti amekubali, "Mwanangu, rubisi hii tuinywe?"

Sauti yake ikaja: "Mpeni kaka aonje kwanza."

Nikaitwa. Niliingia na masizi mpaka kwenye paji la uso, utomvu wa ndizi mikononi, nikapiga goti kwenye nyasi halali, nikavuta mrija wa kibuyu. Kuna mtu akapiga picha. Baba mkubwa akakohoa, akasogeza mguu nipate nafasi.

Jioni nafungua simu, naiona kwenye status ya Devota: mdomo kwenye mrija, macho mekundu (ni moshi, msianze), na chini yake neno lile lile, "Nyumbani." Nimeapa sitatandika nyasi tena bila mgeni, wala sitaacha simu ya mtu wangu ilie bure. Picha iliyofuata ilikuwa ya mama Elias na kuku wake. Nikarudi nyuma kuhakikisha: yangu ndiyo ilikuwa imetangulia.