Kioo cha Nyuma Kilichogoma Siku ya Kumzika Mama

Harufu ya maganda ya kahawa yaliyoanza kuoza ndiyo hunirudisha nyuma kila mara. Bibi yangu alikuwa na mashine ya kumenyea kahawa, ile ya kuzungusha kwa mkono, na kila msimu ilikwama. Aliipiga kofi, akaitukana kwa Kimeru maneno ambayo mchungaji asingependa kuyasikia, na ikatembea. Baba akicheka: "Mama, mashine haipigwi, inaulizwa." Msimu mmoja akaifungua aiulize, ikabaki vipande vipande ndani ya karai, na bibi akamenya kwa vidole, hamsemeshi mwanawe.

Nasema haya mjue baba alikuwa mtu wa namna gani. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mtanisamehe nikizunguka, lakini nafika.

Tulikaa Sokon One, mtaa wa mjini, baba akiwa fundi wa gereji. Alikuwa na gari kubwa kuukuu, la milango miwili tu ya mbele, na mlango wa nyuma ambao haukufunguka mpaka kwanza kioo chake kizame chini. Kioo hicho kilipanda na kushuka kwa umeme, swichi iko mbele, na watoto wa mtaani walikuja kukitazama kama sinema. Mama alisema gari lina kiburi: kutoa gunia la viazi mpaka uliombe ruhusa.

Mama alifariki kwa homa ya mapafu. Nilikuwa na miaka tisa. Kwetu mtu mwenye kihamba, shamba la ukoo, mlimani hazikwi mjini, kwa hiyo ilibidi apandishwe kijijini Nkoaranga, alale kwenye migomba ya ukoo wa baba. Watu walichanga wakodi gari, baba akakataa. Alimbeba mwenyewe, jeneza nyuma, mimi mbele. Tulipoacha lami mvua ikaanza, akapandisha kioo cha nyuma. "Asilowe," akaniambia.

Kufika uani, kioo hakishuki. Kaburi limechimbwa, mchungaji yuko chini ya mwavuli, na jeneza lile kwa milango ya mbele halipiti hata kidogo.

"Vunja," akasema baba mkubwa, kaka yake.

"Nipeni dakika kumi."

Baba akaingilia mbele, akatambaa juu ya kiti, akalala ubavu kando ya jeneza, bisibisi mdomoni, akafungua kava la ndani la ule mlango. Mimi nikabaki kwenye swichi. Nje nilimsikia shangazi: "Fundi wa mjini huyo! Ya watu anatengeneza, mke wake kamfungia kama kuku wa sokoni!" Mwanaume mmoja akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Bonyeza, mama." Aliniita hivyo, kama wababa wengi wanavyowaita binti zao. Nikabonyeza, mota haikulia. "Tena." Mota ikanguruma, kioo kikashuka upana wa kidole, hewa ya mvua ikaingia. Nilitaka kupiga kelele kwa furaha. Baba akanitazama juu ya jeneza, akapeleka mkono ndani ya mlango, akachomoa waya. Nilimwona.

"Bonyeza tena," akasema kwa sauti ya kusikika nje. Nikabonyeza. "Bado," akawaambia.

Akalaza kiganja juu ya mfuniko, akakiacha hapo. Waliuliza mara tatu, mara tatu akajibu bado. Nami nikanyamaza, nikidhani ni ufundi mwingine mkubwa kuliko akili yangu. Leo nimeshazika mume na mtoto mmoja, ndiyo najua. Gari lilikuwa limepona. Alikuwa anajiongezea dakika na mkewe, na hakuwa na njia nyingine ya kuzipata ila kukubali aitwe fundi mbovu mbele ya ukoo mzima.

Baba mkubwa akaja na nyundo. "Toka, mdogo wangu. Watu wanalowa."

Hakutoka. Alivua koti akalifunika jeneza, akageuza uso. Kioo kikamwagika kama mahindi.

Pale kaburini baba aliokota juu ya jeneza vipande vilivyopenya chini ya koti, kimoja kimoja, mchungaji akisubiri na kitabu kimefunguliwa. Shangazi ndiye aliyekuja kumshika bega, sauti imebadilika: "Basi, kaka. Basi."

Watu walipokwenda kula, baba alinijia, akanifunga kifungo cha juu cha sweta, akaniwekea funguo za gari mkononi. Nikamuuliza kama anakwenda kutafuta kioo kingine. Akatikisa kichwa, mpaka leo sijui ilikuwa ndiyo au hapana. Akashuka ile njia ya mteremko kwa miguu, bila koti, akishika migomba asiteleze. Kwenye kona ya chini hakugeuka. Hatukumwona tena.