Mshale Uliotulia Chini

Nilipoanza kazi kwenye karakana ya magari pale Kibaha nilikuwa mwanamke pekee mwenye ovaroli. Mama yangu, mkulima wa mihogo huko nyuma ya Mlandizi, alikuja kuniona mara moja tu. Akanikuta nimelala chini ya lori, miguu nje. Akasema, "Ama kweli dunia ina mambo," akaniachia kikapu cha machungwa, akaenda zake. Hakukasirika, alishangaa tu. Na mimi nilikuwa kwenye mshangao huohuo tangu siku ya kwanza nilipofunguliwa injini nikaona yaliyomo ndani.

Fundi niliyepangiwa kufanya naye kazi alikuwa mtu wa Kisarawe, mrefu, mpole, kofia yake ya kiua imeingia mafuta hata maua hayaonekani. Miaka mingi ya kusimama karibu na injini za dizeli ilikuwa imemla masikio. Ukimsemesha kwa nyuma, hajibu. Ukitaka akusikie unakwenda mbele yake, naye anakutazama mdomoni. Hakulificha jambo hilo, wala hakulizungumza. Kila asubuhi nilisimama mbele yake nikamwamkia, "Shikamoo, fundi," naye akanijibu, "Marahaba, mwanangu. Leo tunafungua nini?"

Siku ninayotaka kuisimulia tulikuwa tumeshafungua injini na kuifunga. Gari la wagonjwa kutoka Kisarawe lilikuwa limeletwa kwetu halina nguvu, linatetemeka kama lina homa. Tulikuta kamshafti imelika. Kamshafti ni chuma kirefu chenye nundu, na kila nundu husukuma valvu yake ifunguke kwa zamu: hii iingize hewa na petroli, ile itoe moshi. Nundu moja ilikuwa imesagika hadi ikakaribia kuwa bapa. Kamshafti mpya haikupatikana. Miaka ile hata sabuni ilikuwa ya kutafutwa. Tukachomoa nyingine kwenye gari la aina hiyohiyo lililopinduka barabarani, pamoja na gurudumu lake la meno linaloshika cheni, tukaifunga.

Injini ikawaka. Dereva wa gari lile, kijana wa Kibuta mwenye maneno mengi, akapiga makofi, akarukia usukani, akalizungusha uani. Aliporudi makofi yalikuwa yamekwisha. Akashuka, akaja kusimama mbele ya fundi.

"Mzee, pedali ya breki ngumu kama jiwe. Nimekanyaga kwa miguu yote miwili ndipo likasimama."

"Ilikuwa hivyo kabla hujaleta gari?"

"Wapi! Ilikuwa ngumu kidogo, siyo hivi. Na mimi mzee nashuka na wajawazito ule mteremko wa kwenda Pugu."

Breki za gari lile zilisaidiwa na mvuto wa injini. Pistoni ikishuka huvuta hewa. Na dereva akiwa ameachia mafuta, mlango wa hewa unakuwa umefungwa karibu wote, kwa hiyo bomba la kuingizia hewa linabaki na upungufu. Upungufu huo ndio unaousaidia mguu wa dereva. Nilifundishwa hayo darasani, nikayaandika, nikapata alama zangu, lakini moyoni sikuamini. Nguvu itokeje mahali ambapo hakuna kitu?

Fundi akaleta geji ya kupimia mvuto, akachomeka mpira wake kwenye bomba. Injini isiyo na kasoro ikiunguruma polepole, mshale hukaa kwenye sehemu ya kijani. Huu ulipanda kidogo ukasimama chini kabisa ya kijani, haupandi, haushuki.

"Hewa inaingia mahali," nilisema.

"Huenda. Tafuta."

Nikabana mipira yote, mmoja baada ya mwingine. Nikapaka grisi kwenye kila ungio la bomba la hewa, maana kama pana ufa grisi itauziba na mshale utaamka. Haukuamka. Fundi akazungusha distribyuta kurekebisha moto wa plagi. Mshale ukajivuta kidogo, ukarudi kulala. Tukazima, tukapima nafasi za valvu. Zilikuwa sawa. Dereva alikuwa ameketi kwenye tairi kuukuu, anatutazama mmoja baada ya mwingine kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

"Uone huo mshale," fundi akaniambia tulipowasha tena. "Valvu moja ingekuwa mbovu, ungekuwa unarukaruka. Huu umetulia. Ugonjwa si wa mmoja, ni wa wote kwa pamoja."

Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye chuma cha injini, mpini wa mbao akauuma kwa meno. Akafumba macho. Mtu ambaye hakusikia sauti yangu kutoka hatua chache alikuwa anaisikiliza injini kwa mifupa ya kichwa chake. Akahama silinda moja hadi nyingine, taratibu, na uso wake ulikuwa na utulivu wa mtu anayesikia habari njema kutoka mbali.

Akaniashiria nijaribu. Niliuma mpini, na mwili ukanisisimka. Kichwa changu chote kilijaa injini. Nilisikia kila valvu ikipiga mahali pake, tik, tik, tik, na chini yake mngurumo mzito wa vitu vinavyopishana bila kugusana. Nilitaka kucheka, nikajikuta machozi yananilenga.

"Umesikia kinachogonga?" akauliza.

"Hapana, fundi. Zote zinapiga vizuri."

"Ndiyo. Zinacheza vizuri, lakini zinacheza nyuma ya ngoma."

Tukazima, tukafunua mfuniko wa juu, valvu zikaonekana. Tukatoa plagi ya kwanza na kutumbukiza spoku ya baiskeli kwenye tundu lake, ikae juu ya pistoni. Dereva akaizungusha injini kwa hendeli, polepole, nami nikaitazama spoku ikipanda. Pistoni ikifika juu baada ya kutoa moshi, valvu ya moshi inapaswa iwe inamalizia kufunga na ya hewa iwe imeanza kufunguka, zote zimeshuka kidogo, sawasawa. Spoku ikafika juu, ikasita.

"Simama!" nilipiga kelele.

Valvu ya moshi ilikuwa bado wazi. Ya hewa ilikuwa imelala.

"Moshi bado uko mlangoni," fundi akanong'ona, "na hewa haijakaribishwa."

Tukashusha rejeta, tukafungua mbele mpaka kwenye cheni. Fundi akasugua gurudumu la kamshafti kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Hapo ndipo tulipoona nukta mbili, alama za kupangia cheni ili valvu zifunguke kwa wakati wake. Moja kubwa, iliyopigwa na mtu tusiyemjua, kwa sababu zake mwenyewe, ndiyo tuliyoifuata. Nyingine, ndogo, ya kiwandani, ilikuwa imejificha chini ya utando mweusi. Kati ya nukta hizo palikuwa na jino moja tu. Niliweka ncha ya kidole pale, kikalifunika lote.

Tukaipanga cheni kwenye nukta ndogo, tukafunga kila kitu, tukamwaga maji kwenye rejeta. Dereva akawasha. Mshale ukaruka kutoka chini, ukapita katikati, ukaingia kwenye kijani na kutua humo. Dereva akakanyaga breki, akatoa kichwa dirishani.

"Imekuwa laini, mzee! Laini kama mto!"

"Subhanallah," akasema fundi. Hakumjibu dereva, alikuwa anautazama mshale.

Tulilijaribu gari siku iliyofuata, sisi watatu, mpaka Kisarawe, kisha tukageuza tukaanza kushuka kuelekea Pugu. Katikati ya mteremko dereva akakanyaga breki kwa makusudi. Gari likainamisha pua likasimama kabisa. Akina mama wawili waliokuwa wanapanda na mizigo ya kuni wakasogea pembeni.

"Kuna mgonjwa humo?" mmoja akauliza.

"Hamna, mama," dereva akajibu. "Tunajaribu breki."

"Haya. Mshukuruni Mungu kama zimeshika," akasema, akaendelea kupanda.

Nilishuka nikasimama nyuma ya gari. Uzito wote ule ulikuwa umening'inia mteremkoni, wa chuma, kitanda na watu, na dereva alikuwa ameushikilia kwa ncha ya kiatu, akinipungia mkono. Kilichomsaidia ni ule upungufu wa hewa ndani ya bomba, kitu ambacho ungekifungua ukitafute usingekiona. Nilisimama pale mpaka fundi akaniita nipande.